Kila Kiwanja Kina Namba, Njia ya Miguu Haina

Kiwanja chochote cha Kigali kina namba. Huanza na tarakimu 1, maana yake Jiji la Kigali, ikafuata wilaya, sekta, seli, na mwisho kiwanja chenyewe. Dalali huitaja kwa kichwa, benki huidai kabla ya kutoa mkopo, na watoto wa marehemu huitafuta hata kabla hawajagawana mbuzi. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha ardhi yake yote, viwanja zaidi ya milioni 10, kazi ambayo majirani zetu wengi bado wanaisikia kwa wenzao. Haikufanywa kwa mitambo mikubwa. Vijana wa papo hapo walifundishwa, wakapewa picha za anga zilizochapishwa kwenye karatasi kubwa, wakatembea mpaka kwa mpaka pamoja na wenye mashamba, na palipokubaliwa wakachora kwa kalamu. Jirani wa kulia akisema ndiyo na wa kushoto akisema ndiyo, mstari umepita.

Sasa chukua kalamu hiyo na picha hiyo, utafute ujia wa miguu. Ule unaoanza nyuma ya duka, ukashuka kati ya nyua mbili za minyaa, ukavuka kijito kwa gogo, ukapanda upande wa pili hadi kwenye umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, juu ya kilima. Upana wake ni wa mtu mmoja aliyebeba ndoo kichwani. Wawili wakikutana, mmoja husimama pembeni. Katika picha ya anga ujia huo ni uzi mweupe, pengine mwembamba kuliko wino wa kalamu. Mpaka ukichorwa juu ya uzi ule, kila jirani amepewa nusu ya njia bila mtu kuiba chochote. Lakini siku mmoja wao atakapojenga ukuta wa matofali, yeye atakuwa na hati mkononi, na mpita njia hatakuwa na kitu ila mazoea.

Ninachodai ni hiki: njia za kale za nchi hii ziingizwe kwenye ramani ileile ya viwanja, kwa mistari na kwa majina yake, kabla kuta hazijazimaliza. Makumbusho tunayo, na ni mazuri. Ila njia haikai kabatini. Ikizibwa mahali pamoja tu, imekufa yote.

Na kuziba kunakwenda mbio. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,745,555 ndani ya Jiji la Kigali, na kwa nchi nzima wastani ulikuwa watu 503 katika kila kilomita ya mraba. Katika nchi yenye msongamano huo hakuna hatua ya ardhi isiyo na mgombea. Mwenye nyumba anayesogeza ua wake nusu mita si mwovu. Ana watoto, ana gari analotaka kuliingiza ndani. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyekuwa na wajibu wa kumwambia mapema kwamba hapo panapita watu tangu enzi za babu wa babu yake.

Mtama uliokwenda kwa mfalme

Tuchukue njia moja, tuitazame kwa karibu, maana njia zikisemwa kwa jumla huwa kama maneno ya hotuba.

Kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti Rwanda hupumzika kwa ajili ya Umuganura, sikukuu ya malimbuko. Watoto hunyweshwa maziwa, mtama na ulezi huletwa mbele ya wageni, ngoma hulia, viongozi hutaja mavuno. Zamani sherehe hiyo haikuanzia uwanjani. Ilianzia Huro, katika nchi ya kale ya Bumbogo, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Gakenke kaskazini magharibi mwa Kigali. Huko kulikuwa na ukoo uliokabidhiwa kazi ya kulima mtama na ulezi wa tambiko, na mazao hayo yalibebwa kwa miguu hadi ikulu, popote ilipokuwa.

Wakati wa Mfalme Yuhi V Musinga, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1931, ikulu ilituama Nyanza, kusini. Tazama ramani: Huro iko upande mmoja wa mto Nyabarongo, Nyanza iko upande wa pili. Na mwiko wa ufalme ulimkataza mfalme yeyote mwenye jina la Yuhi kuuvuka mto huo. Kwa hiyo mfalme hakuweza kuufuata mtama wake. Mtama ndio uliomfuata mfalme. Ulishuka vilima vya Bumbogo, ukafika kwenye maji ya rangi ya matofali, ukapakiwa mtumbwini, ukapanda ng'ambo ya pili. Kulikuwa na watu waliojua pa kushukia, pa kuvukia, pa kulala, nani atangulie na nani asikutane na mzigo njiani.

Mwaka 1925 Wabelgiji wakapiga marufuku sherehe hiyo. Gashamura, mkuu wa shughuli za Bumbogo na mmoja wa wazito katika baraza la siri za ufalme, akahamishiwa Burundi. Tangu hapo mzigo haukupita tena. Sikukuu yenyewe imefufuliwa katika miaka yetu hii, na ni jambo jema. Njia yake bado ni deni.

Inawezekana kuitafuta? Nasema inawezekana, tena vifaa vipo. Cha kwanza ni maandishi ya Ubwiru, yaani taratibu za siri za ufalme, ambazo Marcel d'Hertefelt na André Coupez walizichapisha mwaka 1964. Taratibu hizo zinataja vilima na mahali kwa majina, na mengi ya majina hayo bado yapo midomoni mwa wakulima. Cha pili ni mito. Nyabarongo haivukwi popote mtu apendapo. Kinamasi cha mafunjo kinakaa pande zote mbili, na palipo na mwanya mkavu ndipo palipokuwa na mitumbwi, mara nyingi ndipo penye daraja leo. Cha tatu ni miti.

Habari ya miti inahitaji aya yake. Ikulu za Rwanda ya kale zilikuwa za kuhama. Mfalme aliinua ua wa miti mibichi, akakaa, akahama au akafa, na nguzo za ule ua zikachipua. Miaka mia baadaye zimekuwa miti mikubwa, yenye vigogo vilivyojipanga kwa duara, ambayo hakuna aliyethubutu kuikata kuni. Kinyarwanda huyaita maeneo hayo ibigabiro. Rubengera, wilayani Karongi, kipo kigabiro cha Mfalme Kigeri IV Rwabugiri, aliyefariki 1895. Mpima ardhi akiona miti ya namna hiyo juu ya kilima anaona kivuli. Mtu wa historia anaona kituo, na anajua kwamba ikulu ya mamia ya watu, ng'ombe na wabeba kodi haikuwa na njia moja tu ya kuifikia. Unganisha kigabiro kimoja na kingine, pitisha mstari wako kwenye vivuko, uliza wazee wa pande zote mbili, na rasimu ya ramani imeanza kuonekana.

Wageni walipita njia za wenyeji

Vitabu vya shule vilituzoesha kusikia kwamba Mzungu fulani "aliingia" nchi fulani, kama vile alipenya porini. Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo mwezi Mei 1894, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwisha kukutana na Rwabugiri huko Kageyo, magharibi mwa nchi. Mtu hatembei na msafara wa wapagazi wengi kiasi kile, akakata vilima vyote vile kwa wiki chache, kama hakuna njia ya kukanyaga. Njia zilikuwepo, zilikuwa na wenyewe, tena zilikuwa na watu wa kuziziba.

Sisi wa Kiswahili tunalijua hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi Rwanda iliwazuia wafanyabiashara wa pwani wasiingie. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alikuwa Kafuro, Karagwe, akimsikiliza mfanyabiashara Hamed Ibrahim akieleza jinsi nchi hiyo ilivyowakataa. Bidhaa zilipita, lakini kwa kubadilishana mikono katika masoko ya mipakani, kama lile la Rusubi. Shanga na nguo ziliingia. Mwenye nazo alibaki nje.

Mlango ulifunguka baada ya Richard Kandt. Daktari huyu wa Kijerumani alifika Rwanda 1898 akitafuta chimbuko la Nile, na mwaka 1907 akateuliwa mwakilishi mkazi wa serikali ya Ujerumani. Akaweka makao yake Nyarugenge, kwenye kilima kilichokuwa karibu na kitovu cha nchi, mahali ambapo mtu angeweza kwenda pande zote. Nyumba yake leo ni makumbusho. Wageni husimama barazani wakipiga picha za mabonde, na wengi huondoka wakiamini kwamba Kandt aliuanzisha mji mahali patupu. Alichofanya ni kukaa penye makutano. Mabonde ya Nyabugogo na Nyabarongo yanakutana chini ya Mlima Kigali, na kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo leo kiko kwenye bonde hilohilo. Basi la Musanze na basi la Huye yanafanya kazi ambayo miguu ilikwisha kuichagulia njia.

Wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili walikuja mara tu walipopata ruhusa. Ngozi za ng'ombe zilitoka Kigali kuelekea Bukoba, zikabebwa mabegani kabla hazijafika ziwani, na huko zikapata meli na reli ya Mombasa. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fat'h, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini. Baadaye, chini ya Wabelgiji, Waswahili walihamishiwa Biryogo, na mtaa huo, pamoja na Nyamirambo, bado unazungumza lugha hii unayoisoma sasa, ambayo tangu 2017 imekuwa lugha rasmi ya Rwanda. Ukitaka kujua njia ya ngozi ilitokea upande gani wa mji, anzia kwa familia za hapo. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, zilizosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel, nazo zinasaidia sana, kwa kuwa ziliungwa kutokana na safari za watu waliotembea na dira na saa mkononi. Mchora ramani wa zama zile alichora alipopita. Ina maana kila mstari wake ni njia ya mwenyeji fulani iliyoandikwa kwa jina la mgeni.

Bangili za nyuzi ng'ambo ya Kivu

Magharibi, kando ya Ziwa Kivu, kuna hadithi nyingine ambayo ingetosha makala yake peke yake. Kabla ya fedha za sarafu, biashara ya huko ilitumia ubutega, bangili za nyuzi zilizosukwa na watu wa misitu ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya leo. Wahavu walizivusha kwa mitumbwi, Kisiwa cha Ijwi kikiwa katikati, zikashukia Kinyaga na Bugoyi, upande wa Rwanda. Wanawake walizivaa miguuni kwa wingi, na wakati huohuo zilikuwa kipimo cha bei: mbuzi kwa bangili kadhaa, jembe kwa bangili kadhaa. Zilikutana na chumvi iliyotoka upande wa Ziwa Edward na tumbaku ya Bugoyi. Mwanahistoria David Newbury alizichunguza biashara hizi kwa makini, akaonyesha soko la watu wa kawaida lililokuwa likiendeshwa bila ruhusa wala msaada wa ikulu.

Leo mwambao huohuo una Njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, iliyotengenezwa kwa ajili ya watembeaji na wapanda baiskeli. Ni kazi nzuri, na inawaingizia wenyeji kipato. Lakini jina lake linataja mito miwili mikubwa na mstari unaogawa maji yake, habari ya jiografia. Habari ya watu iko wapi? Mtalii anaweza kutembea siku zote hizo, akala sambaza, akapiga picha ya machweo, akarudi kwao bila kujua kwamba amekanyaga barabara ya fedha ya jamii tatu au nne tofauti. Mtembea bure si mkaa bure, wahenga walisema. Huyu tumemwachia atembee bure kweli.

Wenye msitu

Kwa Watwa neno "njia ya kale" lina uzito wa peke yake, kwa kuwa njia zao ziko ndani ya misitu ambayo sasa ni hifadhi za taifa. Katika lugha ya serikali ya Rwanda huitwa jamii zilizoachwa nyuma na historia. Misitu waliyoishi humo imekuwa hifadhi za gorila, za sokwe na za vyanzo vya maji, na hakuna mwenye akili atakayetaka misitu hiyo ikatwe. Msitu wa Nyungwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia Septemba 2023, tena kwa haki. Ila mtu anayejua ni wapi nyuki hukaa msimu wa mvua, na ni mgongo upi wa kilima hupitika ukungu ukishuka, ana elimu ambayo haikuandikwa kwenye bango lolote la hifadhi.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka wa Cyanika, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Kigali. Mwaka 1991 Uganda iliifanya Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa, na Watwa wakatolewa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2011, ikafunguliwa humo Njia ya Watwa. Waongozaji ni Watwa wenyewe. Wanaonyesha jinsi moto unavyopekechwa, jinsi maji yanavyohifadhiwa, jinsi mtego unavyofichwa, kisha wageni huingizwa kwenye pango la Garama, na gizani humo wanawake huimba. Nimesikia watu wakiisifu njia hiyo, na wengine wakiilaumu kwamba mwenye nyumba amerudishwa nyumbani kwake kwa tiketi ya mgeni. Nakubaliana na wote wawili. Kumbukumbu imeokolewa; haki ya kupita haijaokolewa. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba kuondolewa kwao bila fidia ya kutosha kuliwafanya watu wasio na ardhi, ikaelekeza suala la kuwafidia lisikilizwe na Mahakama Kuu. Anayeandika njia za msituni asijidanganye kwamba kuandika peke yake ni kulinda.

Namna ya kuiandika

Watu wa teknolojia watasema kazi hii ni rahisi: simu moja yenye setilaiti, programu ya ramani, kijana mwenye miguu mizuri. Hivyo vinahitajika, lakini simu inaandika alipopita kijana, haiandiki alipopita mtama. Njia ya kale haijulikani kwa kupitika kwake leo. Hujulikana kwa kujipinda kwake. Ujia uliochimbika hadi magotini kwa kukanyagwa, ukakata mteremko kwa pembe ambayo ng'ombe huweza kuistahimili, ni wa zamani. Ujia unaopanda moja kwa moja kama ngazi umetengenezwa na watu wenye haraka ya kuwahi pikipiki. Ua wa minyaa ulionenepa shinani una umri. Mahali pa kupumzikia wabebaji hupatikana kila baada ya mwendo fulani, kwa kawaida penye kivuli na upepo, na mara nyingi leo pana duka, au kilabu cha pombe ya ndizi.

Halafu kuna wazee, na hapo pana haraka. Aliyezaliwa 1940 alibebeshwa mzigo na baba aliyeishi chini ya kazi za kulazimishwa za Wabelgiji, ambazo ndizo zilizokata barabara nyingi za magari za nchi hii. Wengi walizikimbia kwa miguu kwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya watu. Njia hiyo ya kwenda Uganda nayo ni ya kuandikwa. Mzee wa namna hii aulizwe njiani, si sebuleni. Sebuleni atasema kwa ufupi, kwa adabu. Njiani, akifika penye kona, atasimama mwenyewe na kusema hapa ndipo tulipokuwa tukitua mizigo.

Kuna jambo moja ambalo wapenda ramani hawapendi kulisikia. Si kila njia inafaa kuanikwa. Nchini Marekani sheria ya uhifadhi wa kihistoria inaruhusu taasisi za serikali kuficha mahali pa maeneo ya urithi kama kuyatangaza kutayaletea madhara, na mataifa ya Wenyeji wa Marekani yana sababu nzuri ya kudai hivyo, kwa kuwa waporaji wa makaburi wanasoma ramani kama watu wengine. Huko Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, ilibaki misitu kwa karne kadhaa kwa sababu ya masharti, mojawapo likiwa kwamba usitoke nje ya njia uliyoonyeshwa. Wazee ndio wanaojua nani aonyeshwe ipi. Rwanda, iliyokuwa na watunza siri wa ufalme kwa kazi rasmi, haihitaji kufundishwa hili. Daftari la njia liwe na kurasa za wazi na kurasa za ndani.

Wenzetu wamefika wapi

Tanzania ilipeleka njia ya kati ya utumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miaka mingi imepita, na njia bado iko kwenye orodha ya awali. Ugumu wake unaonekana kwa macho: vituo sita vina majengo au makaburi ya kulindwa, lakini kati ya kituo na kituo kuna mashamba, reli, lami na miembe. Ni rahisi kulinda shanga kuliko uzi. Nchi sita za Amerika Kusini zilipigania uzi wenyewe, na mwaka 2014 Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara za Inka wenye kilomita zipatazo 30,000, ukaandikwa. Hata huko hazikuandikwa kilomita zote; zilichaguliwa sehemu, na sehemu hizo zikakabidhiwa kwa vijiji vinavyozitumia.

Uingereza inafundisha zaidi, kwa kuwa kosa lake linafanana na letu. Tangu 1949 Uingereza na Wales zina ramani rasmi za njia za miguu, na njia iliyomo humo haizibwi hata na lodi mwenye shamba. Lakini njia nyingi zilisahauliwa wakati wa kuchora. Bunge likaweka ukomo: ambayo isingedaiwa hadi Januari 1, 2026 ingepotea kisheria. Chama cha watembeaji kikaita watu wa kujitolea walinganishe ramani za zamani na za sasa wakiwa majumbani mwao, na mwaka 2020 kikatangaza kwamba wamebaini njia zilizoachwa nje zenye urefu wa maili 49,000. Mwishoni mwa 2024 serikali ilisema itauondoa ule ukomo. Kazi hiyo haikufanywa na maprofesa. Ilifanywa na wastaafu, walimu, watu wenye kompyuta na muda wa jioni.

Rwanda inavyo vitu ambavyo Waingereza wa 1949 hawakuwa navyo. Ina ramani ya viwanja inayosahihishwa kila ardhi inapobadilisha mkono. Ina sheria namba 28/2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi. Ina Inteko y'Umuco, iliyoundwa 2020 kwa kuunganisha makumbusho, akademia ya lugha na nyaraka za taifa chini ya paa moja, maana yake wenye ramani za zamani na wenye kurekodi wazee sasa wanakutana korido moja. Mamlaka ya ardhi nayo ipo. Kinachobaki ni barua kutoka ofisi hii kwenda ile, na bajeti ya viatu.

Tena si kweli kwamba Kigali haijui kutunza mstari wa miguu. Kila Aprili 11 watu hutembea kutoka iliyokuwa shule ya ufundi ya ETO Kicukiro hadi Nyanza ya Kicukiro (si Nyanza ya wafalme). Ni njia waliyoswagwa Watutsi waliokuwa wamekimbilia shuleni hapo, siku ambayo askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka mwaka 1994. Zaidi ya watu 2,000 waliuawa. Njia hiyo haina mnara kila hatua. Inalindwa kwa kutembewa, na hakuna mkazi wa Kicukiro anayehitaji kuelezwa inapita wapi. Nailinganisha na nyingine kwa tahadhari, maana uchungu wake si wa kulinganishwa na kitu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba jiji likiamua mstari usipotee, haupotei.

Kwa hiyo kuna maombi mawili. La kwanza ni kwako, msomaji. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na umuganda wa vilimani mara nyingi ni kufyeka na kurekebisha njia. Ukimaliza, kabla ya mkutano wa mtaa kuanza, tembea na mkubwa kuliko wote waliokuja. Muulize ujia huo unaitwaje, ulikuwa wa kupeleka nini wapi, na ulivuka maji mahali gani. Andika majibu, weka tarehe, mpe katibu wa seli nakala.

La pili ni kwa Jiji la Kigali. Fomu ya kibali cha ujenzi inauliza mambo mengi, kuanzia choo hadi maegesho. Iongezwe swali moja: je, kuna njia ya miguu inayopita katika kiwanja hiki au mpakani mwake, na mwombaji ameiachia nafasi gani?